Barua ya wazi: Amonia ya mabanda yetu inaanzia kwenye mfuko wa chakula

Kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, kwa Shirika la Viwango Tanzania, na kwa wote waliokabidhiwa kusimamia mazingira ya nchi yetu.

Waheshimiwa,

Kila siku saa kumi na moja alfajiri naingia bandani kukunja maturubai. Kuku 1,200 wamelala humo usiku kucha, na hewa iliyojifungia nao hunipokea mlangoni kama moshi wa pilipili. Macho yanachuruzika, koo linakauka, na kuku wenyewe wanapiga chafya. Mke wangu aliacha kuingia saa hiyo tangu kifua kilipomsumbua wakati wa masika ya mwaka juzi. Jirani yangu wa bondeni, mtu wa kuzikana naye, alikwenda kulalamika kwa mjumbe, na sikuweza kumlaumu, kwa sababu upepo ukigeuka jioni, chakula chake mezani kinanuka banda langu. Nikashauriwa nihamishe banda. Nihamishie wapi? Kibaha niliyoanzia kufuga ilikuwa mikorosho na vichaka. Leo ni nyumba na kuta, na kila mwenye eneo ana watoto wanaocheza uani.

Kwa muda mrefu niliamini tatizo ni usafi. Nilibadilisha maranda, nikamwaga chokaa, nikaongeza madirisha. Yote yalisaidia kidogo, kisha hali ikarudi palepale. Mpaka siku niliyokaa na kalamu nikahesabu kinachoingia bandani na kinachotoka, ndipo nilipoelewa kwamba ile harufu nainunua mwenyewe dukani, kwa fedha taslimu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kuku wangu mmoja hula kama gramu 115 kwa siku. Mfuko unasema protini asilimia 17, kwa hiyo anameza karibu gramu 19.5 za protini. Asilimia 16 ya protini ni nitrojeni, ileile ambayo baadaye hugeuka kuwa amonia, gesi ya ile harufu, basi anameza gramu 3.1 hivi za nitrojeni. Yai la gramu 60 hubeba nitrojeni gramu moja na kidogo tu, na si kila kuku hutaga kila siku. Kundi langu likiwa linataga vizuri, asilimia 85, naingiza bandani karibu kilo 3.75 za nitrojeni kila siku, na mayai yanatoka na kilo 1.1. Kilo 2.6 zinabaki chini, kwenye maranda. Kwa mwaka mzima zinafika kama kilo 950. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Maana yake ni kwamba mimi, mfugaji mdogo, kila mwaka namwaga bandani nitrojeni ya mifuko 41 ya urea, tena sikuinunua kwa bei ya urea. Niliinunua kwa bei ya soya na dagaa. Chakula kinameza asilimia 60 hadi 70 ya gharama za kuzalisha yai, na ndani ya chakula hicho hakuna kilicho ghali kama protini.

Kuku hakojoi kama ng'ombe. Nitrojeni asiyoihitaji huigeuza kuwa asidi ya yuriki, ule weupe tunaouona juu ya kinyesi. Mahali pakavu hutulia. Ikipata unyevu na joto, na huku Pwani tunavyo vyote viwili, vijidudu huivunja ikawa amonia, nayo hupanda hewani. Ushauri wa wataalamu ni kwamba hewa ya bandani isivuke sehemu 25 za amonia katika milioni. Ikizidi, huharibu vinyweleo vidogo sana vinavyosafisha koromeo la kuku, na hapo mafua na kideri hukuta mlango uko wazi. Pua ya mfugaji huizoea upesi; mgeni anakohoa mlangoni, mwenyewe anashangaa anakohoa nini. Tunanunua dawa, tunarudia chanjo, tunamlaumu aliyetuuzia vifaranga.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wengi hawalijui. Kuku aliyepewa protini kupita mahitaji hunywa maji zaidi ili aitoe mwilini. Kinyesi kinakuwa chepesi, maranda yanalowa, na maranda yaliyolowa ndiyo jiko la amonia. Halafu kazi yenyewe ya kuivunja ile ziada inamla nguvu na kumwongezea joto, mchana wa Januari ambapo tayari anahema mdomo wazi na mbawa ameziachia. Tunamlipia mzigo ambao yeye mwenyewe anahangaika kuutua.

Kwa nini basi tunampa ziada hiyo? Kwa sababu wote, kuanzia mwenye kinu mpaka mkaguzi na mimi mnunuzi, tumezoea kukiamini chakula kwa namba moja: protini ghafi. Mfuko wa asilimia 18 tunauona bora kuliko wa 16, na tuko tayari kuongeza elfu kadhaa. Namba hiyo hupatikana kwa njia aliyoibuni mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883. Sampuli huchemshwa katika asidi kali, nitrojeni yake ikapimwa, kisha ikazidishwa kwa 6.25. Ni njia nzuri, na maabara za dunia zimeitegemea kwa zaidi ya karne. Lakini inapima nitrojeni, na nitrojeni haina alama inayoonyesha imetoka wapi. Mtu asiye mwaminifu akichanganya mchanga kwenye unga wa dagaa kisha akanyunyizia urea, namba inapanda tena. Mwaka 2008 nchini China watu walitia melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, kwenye maziwa kwa hila hiyohiyo, ili kipimo kisome protini nyingi. Watoto wachanga wapatao 300,000 waliugua, na sita walifariki. Mwaka mmoja kabla yake melamini ilikutwa kwenye vyakula vya mbwa na paka huko Marekani. Kipimo kinachoweza kudanganywa namna hiyo hakitoshi kuwa mlinzi wa pekee wa chakula cha mtu wala cha kuku.

Anachohitaji kuku ni asidi amino, vipande vidogo vinavyojenga protini, kila moja kwa kiasi chake. Mfikirieni mama anayetunga ushanga wenye mpangilio wa rangi. Shanga nyekundu zikiisha, kazi inasimama, hata kama bakuli limejaa za bluu na za njano, na zile zilizobaki hazina kazi tena. Kwenye chakula cha mahindi na soya, rangi inayoisha kwanza ni methionini, kisha laisini. Nyuma yake wanafuata threonini, triptofani, valini na isolusini. Kwenye mashudu ya alizeti yanayotoka Singida na Dodoma, ambayo ndiyo tegemeo la wengi wetu, methionini si haba ila laisini ni kidogo. Mchanganyaji anayetaka kufikisha laisini kwa mashudu peke yake hana budi kurundika mashudu, na pamoja nayo anarundika nitrojeni ambayo kuku hana pa kuipeleka isipokuwa kwenye maranda.

Zile shanga nyekundu zinauzwa peke yake. Laisini na threonini hutengenezwa kwa bakteria wanaochachusha sukari, ujuzi ulioanzia Japani katika miaka ya 1950. Methionini hutoka kwenye viwanda vya kemikali. Kilo moja au mbili za methionini katika tani nzima ya chakula, na laisini kwa kiasi kinachokaribia hicho, zinatosha kumruhusu mchanganyaji aondoe sehemu ya soya au dagaa na kushusha protini ghafi pointi moja au mbili, na kuku akaendelea kutaga kama kawaida. Kila pointi moja inayoshuka hupunguza nitrojeni ya kinyesi kwa asilimia 8 hadi 10. Kwa banda langu, kutoka 17 hadi 15 ni pungufu ya gramu 440 za nitrojeni kila siku, sawa na mifuko saba ya urea kwa mwaka ambayo haitaingia bandani kabisa.

Nasema kwa uangalifu "akaendelea kutaga", maana mimi nilikosea kwanza. Bei ya dagaa ilipopanda nilipunguza dagaa na sikuongeza chochote. Protini ilishuka kweli, na harufu ilipungua kweli. Baada ya siku kama kumi trei zikaanza kupungua, mayai yakawa madogo, kisha kuku wakaanza kudonoana mikiani mpaka damu. Nilizika kuku wengi wiki ile. Kwa hiyo naomba barua hii isisomwe vibaya na mtu yeyote mwenye kinu cha kuchanganyia chakula: kushusha protini bila kusawazisha asidi amino ni kumnyima kuku chakula, na ni kumwibia mfugaji.

Mara ya pili nilikalishwa chini na mtaalamu wa lishe ya mifugo, akapiga hesabu ya malighafi nilizonazo moja baada ya nyingine. Tukatia methionini na laisini, tukapunguza dagaa na soya. Kwa miezi minne trei hazikupungua. Sikuwa na kifaa cha kupima amonia. Nilikuwa na macho yangu, nayo yaliacha kuchuruzika. Maranda yalikaa makavu mpaka nikawa nayageuza kwa reki badala ya koleo. Jirani hakurudi kwa mjumbe.

Kwa nini sasa nimerudi kwenye mfuko wa dukani na macho yangu yanachuruzika tena? Kwa sababu asidi amino huja katika mifuko ya kilo 25, na mfuko mmoja wa methionini unatosha tani kumi na zaidi za chakula. Mimi kwa mwezi natumia tani nne. Tulichanga watu watatu, tukagawana. Ulipoisha, duka tulilolitegemea likatuuzia iliyopimwa kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa, unga mweupe ndani ya rambo, usio na jina wala tarehe. Kuku walituonyesha baada ya wiki mbili kwamba haikuwa methionini, au haikuwa yote methionini. Hatukuwa na pa kuupeleka upimwe kwa bei tunayoiweza, wala hatukuwa na karatasi ya kumbana nayo muuzaji. Tukakata tamaa.

Hapo ndipo ninapowahitaji ninyi.

Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 ipo, na kiwango cha Afrika Mashariki cha vyakula vya kuku kipo. Mimi siombi sheria mpya. Naomba kwanza kwamba kila mfuko wa chakula cha kuku wa mayai uandikwe kiasi cha laisini na methionini, zile zinazomeng'enywa, kwa maandishi ya ukubwa uleule wa protini, na kwamba mkaguzi anapochukua sampuli apime hizo pia. Mfuko ninaotumia sasa unaniambia protini, mafuta, nyuzinyuzi, kalsiamu na fosforasi. Kuhusu kinachofanya yai haswa, uko kimya. Kisha naomba kwamba mtengenezaji anayethibitisha kuwa asidi amino zake zimetimia asihesabiwe kuwa mkosaji kwa sababu protini yake ghafi iko chini. Bila ulinzi huo hakuna kiwanda kitakachothubutu, kwa sababu mteja anasoma namba kubwa na mshindani wake anaiandika kubwa zaidi. Na wekeni dari. Tumezoea viwango vinavyosema protini isipungue. Kuku wa mayai anahitaji pia kiwango kinachosema isizidi.

Wakati mnaandika upya lebo, tazameni na umri. Kuku wa wiki 30 na kuku wa wiki 70 mara nyingi wanakula mfuko mmoja. Kuku mzee hutaga machache na mahitaji yake ya asidi amino yameshuka. Kumlisha kama kijana kunampa mayai makubwa yenye ganda jembamba, yanayopasuka kwenye trei kabla hayajafika sokoni, na kinyesi kizito cha nitrojeni. Mifuko miwili kwa umri ingetosha kuanzia. Tazameni na joto. Kuku wa Tanga mwezi wa Februari hawezi kula sawa na kuku wa Makambako kwenye baridi. Joto linamkata hamu, anakula kidogo, kwa hiyo kila kijiko anachokula kinatakiwa kibebe methionini na laisini nyingi zaidi. Wengi hujibu tatizo hilo kwa kupandisha protini yote, na kwa kufanya hivyo wanamwongezea joto yule anayekufa kwa joto.

Kwa Wizara, shida kubwa ni upatikanaji. Ruhusuni na simamieni vifungashio vya kilo moja na kilo tano za asidi amino, vilivyofungwa na mwagizaji aliyesajiliwa, vyenye namba ya toleo na tarehe. Pitieni upya kila kodi na tozo inayozigusa zinapoingia bandarini, mkikumbuka kwamba kilo moja ya methionini inaokoa dagaa ambao binadamu angewala. Dagaa wa Ziwa Victoria ni kitoweo cha watoto wa nchi hii, na sisi tunawasaga ili sehemu kubwa ya nitrojeni yao ipae hewani kama amonia. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Tunahitaji pia jedwali. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo wana wataalamu wanaoweza kupima asidi amino za mashudu ya Singida, soya ya Ruvuma, pumba za Mbeya na dagaa wa Mwanza, na kuziandika kwa Kiswahili katika karatasi moja anayoweza kubandika ukutani mwenye kinu cha mtaani. Leo fomula zinasambaa kwenye makundi ya simu: kilo kadhaa za hiki, debe la kile, hakuna anayejua zilitoka wapi. Afisa mifugo wa kata akipewa jedwali hilo na mafunzo ya siku mbili, atafanya kazi ambayo dawa za mafua haziwezi kuifanya.

Kwa wanaosimamia mazingira nina maneno machache. Malalamiko ya harufu yanapokuja, msiishie kwenye ukuta na umbali wa banda. Ulizeni kuku wanakula nini. Na pimeni visima. Ardhi yetu ya Pwani ni mchanga. Mvua ikinyesha juu ya rundo la mbolea, nitreti, yaani nitrojeni iliyogeuka ikayeyuka majini, hushuka nayo bila kizuizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitreti kwa lita ya maji ya kunywa kwa ajili ya watoto wachanga, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni wanapotengenezewa maziwa ya unga kwa maji yaliyozidi hapo. Huku kwetu choo, banda na kisima vinaweza kuwa ndani ya kiwanja kimoja.

Najua kuna watakaosema nitrojeni ni mbolea, kwa nini tuipunguze wakati wakulima wa mchicha wanakuja na mikokoteni kuinunua. Nami nawauzia, na nitaendelea. Lakini sehemu kubwa ya hiyo nitrojeni imekwisha kupaa kabla mkokoteni haujafika. Mkulima anabeba harufu na majivu. Nitrojeni ya bustani ni rahisi kuinunua kama urea kuliko kuipitisha kwanza kwenye tumbo la kuku ikiwa katika umbo la dagaa.

Sisemi tuige Ulaya. Wao wana mashamba ya kuku laki moja chini ya paa moja, na kanuni yao ya mwaka 2017 inawahusu wenye kuku zaidi ya 40,000. Lakini ndani yake wameandika waziwazi kwamba nitrojeni ipunguzwe kupitia chakula, kwa kushusha protini ghafi na kutia asidi amino, na wakaweka kipimo: kuku wa mayai mmoja atoe kilo 0.4 hadi 0.8 za nitrojeni kwa mwaka. Wangu, kwa hesabu niliyowaonyesha, wanatoa 0.79. Uholanzi, iliyoacha mzigo wa nitrojeni ukue kwa miongo, ilijikuta mwaka 2019 mahakama imesimamisha vibali vya ujenzi, na wakulima wakiingia mjini The Hague na matrekta kwa hasira. Sisi bado tuko mwanzoni. Mabanda yetu ni madogo, vinu vyetu ni vidogo, na mabadiliko ya lebo yanaweza kutufikia sote katika msimu mmoja.

Mwezi wa tisa naingiza vifaranga wapya. Wataanza kutaga wakiwa na wiki 19 hivi, yaani katikati ya joto la Januari na Februari. Kabla ya siku hiyo nitakuwa nimesimama tena dukani mbele ya mifuko iliyopangwa, nikisoma protini asilimia 16, 17, 18. Naomba mmoja wenu anijibu, hata kwa barua fupi: ni upi kati ya hiyo wenye laisini ya kutosha?

Mfugaji wa kuku wa mayai,
Kibaha, Pwani